Piano ya Meno Mazito

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Nimeandika haya kwa mkono, polepole, kwenye meza ile ile ninayokatia vitambaa, na kuna mahali mafuta ya cherehani yamechafua karatasi. Herufi za r na l hunichanganya tangu shule ya msingi, na shule ya msingi ndiyo shule yote niliyosoma. Atakayechapa arekebishe herufi, lakini maana aiache ilivyo. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata dukani nikiulizwa nataka nini, mara nyingine naonyesha kwa kidole.

Nataka kuwaambia juu ya mtu ambaye upande wetu wa Gatongora, hapa Ruiru, alijulikana kama Mwalimu wa Kinanda. Jina lake silitaji. Yuko hai, na akisomewa haya atajijua.

Alikuwa na suti moja ya kijivu, ambayo aliipiga pasi ya makaa hata baada ya kila nyumba ya kupanga kwenye ploti yao kuwa na stima. Mfukoni alibeba kitambaa cha manjano cha kufutia kinanda. Jasho lake alilifuta kwa mkono wa koti. Kitambaa kile hakikugusa kitu kingine. Kinanda chenyewe hakikuwa chake. Kilikuwa cha kanisa, kanisa letu la mabati nyuma ya maduka, na kilikaa ndani ya sanduku lenye kufuli. Ufunguo wa kufuli hiyo aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi. Mchungaji mwenyewe akitaka kukiona kinanda siku ya kazi, ilibidi amtafute Mwalimu kwanza.

Vile vitufe vyeupe na vyeusi vya kinanda aliviita meno. "Kinanda ni kama mbuzi," alituambia. "Ukienda kununua usidanganywe na manyoya. Fungua mdomo."

Sijui kama makanisa ya kwenu ni kama letu. Kwetu hakuna anayemuuliza mpiga kinanda kama yuko tayari. Mama mmoja anasimama katikati ya ushuhuda, anafunga macho, na kuanza wimbo pale sauti yake ilipoamkia siku hiyo. Akiwa na furaha wimbo uko juu kabisa. Akiwa na mafua uko chini, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Kazi ya mpiga kinanda ni kumkimbilia. Hapo Mwalimu hakuwa na mwenzake. Kinanda cha kanisa kina kitufe kidogo, wapigaji wanakiita transpozi, ambacho kinahamisha sauti yote juu au chini. Vidole vinabaki kwenye njia yao moja, meno meupe tu, na kitufe kinafanya kazi iliyobaki. Mama akianza, Mwalimu alilaza sikio, akabonya kitufe, akabonya tena, na kabla ubeti haujaisha tulikuwa naye. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, sakafuni, na nilidhani huo ndio muziki wote ulioko duniani.

Alitufunza Jumamosi mchana, watoto watano au sita. Hatukulipa. Tulifagia kanisa, tulichota maji, na aliyekuwa na ng'ombe kwao alileta maziwa. Mwalimu alisimama nyuma yako na kalamu ya bati, na kidole kikipotea kikaenda kwenye jino jeusi, kalamu ilishuka.

"Hiyo nyeusi umeitiwa nini?"

"Pole, Mwalimu."

"Nyeusi ni za maonyesho. Meupe yanamtosha Mungu. Wewe ni nani yasikutoshe?"

Tulicheka, hata aliyepigwa. Jina langu alikuwa ameshalitupa. Aliniita Kimya.

Sifa hakujua kutoa. Ukicheza vizuri, alikusogeza kwa nyonga na kukaa yeye. "Toka, kiti kimeshapata joto." Ukicheza vibaya alikuacha uendelee, wenzako wasikie. Nilimwona pia akienda kuchezea mazishi ya mtu wa ploti aliyekufa bila jamaa, mvua ikinyesha, na akakataa hata soda. Mashemasi walipotaka kumnyima mjane mmoja nafasi ya kuimba kwa sababu ya maneno ya majirani, Mwalimu alifunga sanduku, akasema mjane asipoimba na kinanda hakiimbi. Mjane aliimba. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Mtu mbaya tu ningekuwa nimemsahau.

Nilipomaliza darasa la nane, alama zangu zilitosha lakini karo haikuwako. Siku wenzangu walipokwenda kununua sare, mimi nilikwenda kanisani nikakaa nyuma ya ngoma. Mwalimu alinikuta hapo. Hakuuliza kitu. Alikuwa na muhindi wa kuchemsha kwenye gazeti, akauvunja katikati, akanipa nusu kubwa.

"Usilie, Kimya. Kinanda ndiyo sekondari yako."

Neno hilo nililichukua kama mtu anavyochukua cheti. Nilipoanza kufua nguo za watu, mikono ikiwa kwenye povu, vidole vyangu vilicheza chini ya maji, na nilijiambia kuwa niko shuleni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo watu walimtegemea kuliko hata kucheza. Alipima vinanda. Hakuna kanisa la upande wetu lililonunua chombo kabla Mwalimu hajakifungua mdomo. Walimpeleka Thika, kwenye maduka yanayouza vyombo vya umeme vilivyotumika ng'ambo, naye alivaa suti na kutembea mbele yao kama daktari anayeingia wodini. Nilikwenda nao siku moja kubeba sanduku. Wazee wa kanisa jirani walikuwa wamependa piano moja pana, nyeusi, yenye miguu. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno.

"Mzee wangu, hii imetoka Ulaya juzi tu."

"Ulaya pia watu wanakufa," Mwalimu akajibu.

Tulicheka mpaka muuzaji mwenyewe akacheka. Mwalimu alibonya jino moja, akatikisa kichwa, akalifuta kwa kile kitambaa cha manjano. "Hii ni mgonjwa. Meno yamekuwa mazito. Ndani kuna kutu." Wazee waliondoka na kinanda kidogo cha plastiki, chepesi, chenye kitufe cha transpozi kinachowaka taa nyekundu. Njiani walimshukuru kwa kuwaokoa.

Kila kilichokuwa piano kilikuwa mgonjwa. Kila kilichokuwa na kitufe kilikuwa mzima. Tulikuwa tukiona na hatukuona.

Sasa nifike Membley, mtaa wa wenye pesa hapa hapa Ruiru, maana ndiko maisha yangu yalikogeukia.

Nilikuwa nafua na kupiga pasi kwa mama mmoja huko, mama wa msichana anayeitwa Shiro. Watu wa Membley wana lango na mlinzi, na mara za kwanza nilikaa nje ya lango muda mrefu kwa sababu sikuweza kumwambia mlinzi ninakwenda kwa nani. Sebuleni kwao kulikuwa na piano ya umeme, ya rangi ya kahawia, yenye kovu jeupe pembeni mahali Shiro alipoweka pasi ya moto akiwa mdogo. Mimi ndiye niliyeipangusa. Siku moja nyumba ilipokuwa tupu nilibonya jino moja. Lilikuwa zito. Nilitoa mkono haraka, nikidhani nimeliharibu, na wiki nzima niliogopa kuulizwa.

Familia ilikuwa inahama, na nyumba waliyokuwa wanahamia ilikuwa ndogo. Mama Shiro aliniona nikifuta ile piano.

"Unaipangusa kama mtoto mchanga," akasema. "Si uinunue? Wewe hatuwezi kukosana bei."

Niliendelea kufuta.

"Shiro ameniambia unachezanga kanisani. Kwaya yangu ya Thika inatafuta mtu wa piano, na wanalipa. Ukiwa na hii kwa nyumba ufanye mazoezi, mimi mwenyewe nitakupeleka."

Nilikuwa na akiba. Mama yangu aliijua akiba hiyo kwa jina moja tu, cherehani. Nilipomwambia habari ya piano aliweka sufuria chini.

"Kairitu, binti yangu, piano utakula?"

"Wanalipa, mama."

"Cherehani inashona, na kitu ikishona inalisha. Piano inalia tu. Umeona nani hapa Gatongora ameoa ama ameolewa, ama amejenga, na piano?"

"Mwalimu anasema..."

"Basi muulize huyo Mwalimu wako. Akisema ni nzuri, nunua, mimi nitanyamaza. Yeye ndiye anajua."

Kwa hivyo mambo yote yaliwekwa mikononi mwake. Alikuja Jumamosi kwa suti ya kijivu, na langoni mlinzi alimpigia saluti. Shiro, aliyekuwa kidato cha kwanza, alimletea kiti na juisi. Mwalimu hakuketi. Aliinamia piano, akaitazama kutoka mwisho hadi mwisho.

"Transpozi iko wapi?"

"Iko hapo juu," Shiro akasema, "lakini hivyo vitufe vya juu vyote vilikufa. Ndio maana mum anaiuza bei ya chini. Lakini sauti iko poa kabisa, Mwalimu. Jaribu."

Mwalimu aliketi. Alifuta meno kwa kitambaa chake, akacheza wimbo wa toba tuliokuwa tunauimba kila mwezi kabla ya meza ya Bwana. Nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote. Sikuwa nimeusikia hivyo. Sauti ilikuwa nene, ilikuwa na giza na mwanga, na vidole vyake vilivyozoea plastiki vilisukuma kwa nguvu mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Mama Shiro alitoka jikoni akasimama mlangoni na taulo mkononi.

"Haiya!" Shiro akapiga makofi. "Mwalimu, huo naujua. Pandisha kidogo niimbe, hapo iko chini sana kwangu."

Mwalimu alinyoosha mkono kwenye vitufe vya juu, ule mkono wa kila Jumapili. Alibonya. Akabonya tena.

"Hizo zilikufa, nimekuambia," Shiro akacheka bila ubaya. "Pandisha tu na mikono. Anzia hapa." Akaweka kidole chake kwenye jino jeusi.

Mwalimu alikitazama kile kidole. Kisha akafunga kifuniko, taratibu, Shiro akatoa mkono.

"Hii piano ni mgonjwa," akasema, bila kumtazama mtu. "Meno ni mazito. Imeshika kutu ndani. Itamvunja huyu msichana vidole. Twende, Kimya."

Nilitaka kusema sauti ile ni nzuri. Nilikuwa na neno moja tu, na lilikuwa mdomoni. Nilikumbuka jino nililobonya, uzito wake, na nikajiambia, kweli, hata mimi nililisikia. Nilimfuata mpaka nje. Jumatatu nilimwambia Mama Shiro kuwa Mwalimu amesema ni mgonjwa. Alinitazama kama anayengoja niongeze kitu. Nikaanza kukunja nguo.

"Sawa, mpenzi," akasema. "Ni pesa zako."

Nilinunua cherehani. Mama yangu alipika chapati siku hiyo.

Siwezi kusema cherehani imenitupa. Nashona sare za watoto, nashona mapazia, nalala nimekula. Mtu mmoja aliyeona kazi yangu aliniagiza majoho ya kwaya, ya buluu na kola nyeupe, nami nikayapeleka Thika kwenye ukumbi wao wa mazoezi. Nilikuwa nimeinama nikihesabu kola niliposikia sauti. Nene. Ina giza na mwanga. Nikainua kichwa, nikaona kovu jeupe la pasi.

Ilikuwa kwaya ya Mama Shiro. Aliwaachia piano walipohama. Kijana aliyekuwa akiicheza aliniona nikiikodolea macho, akaniuliza kama nacheza. Niliitikia kwa kichwa.

"Karibu basi," akasema, akasimama.

"Meno yake bado ni mazito?" nikamuuliza. Nadhani hicho kilikuwa kitu kirefu kuliko vyote nilivyowahi kumwambia mgeni.

"Si ni piano? Piano zote ni hivyo. Ikiwa nyepesi si piano, ni toi ya watoto." Alicheka. "Huo uzito ndio watu wananunua."

Niliketi. Niliweka vidole kwenye meno meupe na kucheza wimbo wa toba, na nilicheza vizuri, nawaapia. Wanakwaya wawili watatu waliokuwa wakipima majoho wakaanza kuimba, lakini walianzia mahali pao, juu yangu kidogo. Mkono wangu wa kulia ukainuka kwenda kwenye vitufe vya juu, vitufe vilivyokufa. Ulikwenda wenyewe. Nilisimamisha vidole. Nilijaribu jino jeusi moja, likatoa sauti ambayo sikujua niipeleke wapi. Waimbaji walinyamaza mmoja mmoja.

Yule kijana hakunicheka. Ningependa angenicheka. Alisema kwa upole, "Aa, wewe ni wa transpozi. Tuko nao wengi. Nani alikufunza?"

Nilichukua kola iliyobaki nikasema nitairekebisha nyumbani.

Nilimkuta Mwalimu alasiri ya siku ya pili, nje ya chumba chake karibu na reli, ameketi kwenye stuli akichambua maharagwe kwenye ungo. Kanisa lilikuwa limempata kijana mwingine, aliyekuja na kinanda chake mwenyewe, na lile sanduku la zamani sasa linawekewa vitabu vya nyimbo. Ufunguo wake bado ulikuwa shingoni.

"Kimya! Umekuwa mtu mkubwa. Vuta hiyo ndoo ukae. Chai iko."

"Nimeiona ile piano."

"Piano gani?"

"Ya Membley. Iko Thika."

Aliendelea kuchambua. "Haijakufa bado?"

"Haijawahi kuugua, Mwalimu."

Alitupa kokoto moja chini. "Ilikuwa na meno mazito."

"Zote ziko hivyo. Huo uzito ndio watu wananunua."

"Nani amekuambia?"

"Anayeicheza."

Treni ya abiria ilipita, ungo ukatetemeka. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa ndogo, sauti niliyodhani ni yangu mimi tu.

"Ulitaka nifanye nini pale? Mtoto wa watu ananiwekea kidole kwa jino, ananiambia anzia hapa. Na wewe umesimama hapo umenitolea macho, vile ulikuwa unanitolea tangu ukiwa mdogo."

"Ungesema hujui."

"Wewe hujawahi kuitwa Mwalimu."

"Ningejifunza," nikasema. Nilikuwa nimesimama, na sikumbuki nilisimama saa ngapi. "Vile vitufe vilikuwa vimekufa. Ningelazimika kujifunza. Wewe ndiye uliniambia ndiyo sekondari yangu."

"Ndio," akasema. "Ungejifunza. Wewe ulikuwa na sikio kunishinda, nilijua tangu ukiwa hivi." Akaonyesha urefu wa stuli. "Halafu Jumapili ungerudi kanisani. Na mimi ningekaa wapi?"

Hakuomba msamaha. Aliuliza kama anayeuliza kweli, kama mtu anayetaka kuonyeshwa kiti. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, kwamba hata hapo alinifanya nimwonee huruma kabla sijamaliza kumkasirikia.

Alitoa kitambaa cha manjano mfukoni, kimeoshwa mpaka kimekuwa cheupe katikati. "Chukua. Ukipata ingine utafutia."

Nilikiweka juu ya maharagwe nikaenda zangu. Aliniita mara moja, "Kimya!" Sikugeuka. Ninalo jina.

Nimeanza kuweka akiba tena, na safari hii mama yangu anajua ni ya nini. Amenyamaza, na kwake hiyo ni baraka. Ndiyo sababu nimeandika. Ninyi mnaosoma, kama kwenu kuna aliyefunzwa na mtu kama huyu, niandikieni mniambie mlifanya nini na hasira yenu, maana yangu sijajua pa kuiweka. Na kama mnajua mahali piano ya umeme iliyotumika inauzwa, Thika, Ruiru, popote ninapoweza kufika na kurudi, niandikieni pia. Msihangaike kuniletea mtu wa kuipima. Nitaifungua mdomo mwenyewe. Kama meno yake ni mazito, vizuri. Na kama vitufe vya juu vimekufa vyote, msinifiche. Hiyo ndiyo ninayoitafuta.